Kushuka kutoka nyika ya Mlima Kenya hadi hosteli ya Naro Moru: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kuhusu Mlima Kenya, karibu kila mtu huuliza habari za kupanda. Ukurasa huu ni wa kushuka: kutoka nyika baridi ya juu, kwa njia ya Naro Moru, hadi mji mdogo wa Naro Moru ambako kuna hosteli na gesti za wasafiri. Watu hujiandaa miezi mizima kwa ajili ya kilele, halafu siku ya kurudi wanaiacha ijipange yenyewe. Kumbe siku hiyo ndiyo ndefu kuliko zote, tena inamkuta mtu akiwa amechoka kuliko siku nyingine yoyote.

Nyika mnayoizungumzia iko wapi hasa?

Mlima Kenya umevaa mikanda. Chini kabisa ni mashamba, kisha msitu wa miti mikubwa, kisha mianzi, kisha miti ya hagenia yenye ndevu za kijivu zinazoning'inia matawini. Msitu ukiisha, kwenye mita 3,200 hivi, unatokea kwenye uwanda wazi wa nyasi za mashungi, vichaka vya erika na mimea mirefu ya ajabu ambayo haioti popote pengine isipokuwa kwenye milima mirefu ya Afrika Mashariki. Hiyo ndiyo nyika. Inapanda hadi penye mawe matupu, na juu yake ni vilele: Batian mita 5,199, Nelion mita 5,188, na Lenana mita 4,985, ambacho ndicho wanachofika wengi wetu tusiokwea kwa kamba.

Kwa njia ya Naro Moru, kambi ya nyikani ni Mackinder's Camp, mita 4,200, ndani ya Bonde la Teleki. Bonde hilo limebeba jina la Samuel Teleki, Mhungaria aliyepanda upande huu mwaka 1887 bila kufika kileleni. Kambi nayo ina jina la Halford Mackinder, aliyefika Batian mwaka 1899 pamoja na César Ollier na Joseph Brocherel.

Ni umbali gani hadi mjini?

Igawe safari katika vipande vitatu.

Kutoka Mackinder's Camp hadi Met Station, kituo cha zamani cha hali ya hewa kilichoko mita 3,050, ni kama kilomita 10. Unashuka zaidi ya mita 1,100, na humo ndimo nyika yote na kinamasi chake.

Kutoka Met Station hadi geti la Naro Moru, mita 2,400, ni kama kilomita 10 nyingine. Hapa ni barabara inayokata mianzi na msitu.

Kutoka getini hadi mjini ni kama kilomita 17 za barabara ya vumbi kati ya mashamba. Kipande hiki cha mwisho ndicho kinachosahaulika. Ramani nyingi za wapandaji huishia getini, na mtu akifika pale hudhani amefika.

Naweza kumaliza yote kwa siku moja?

Miguu yenye nguvu inaweza. Mimi sishauri.

Fanya hesabu. Aliyelala Mackinder's Camp akaondoka saa moja asubuhi, akitembea vizuri, atakuwa Met Station kama saa tano. Akila na kupumzika, atafika getini saa nane hivi. Kilomita 17 zilizobaki ni saa nne za mguu uliokwisha kuchoka, kwa hiyo ataingia mjini giza likiingia. Huyo ni mtu ambaye hakupata mvua wala hakusimama kupiga picha, na goti halikumsumbua.

Wengi, hata hivyo, hawaanzii kambini. Wameamka saa nane usiku, wakapanda Lenana kuona jua likichomoza, wakarudi kambini kunywa uji, ndipo wanaanza kushuka. Kutoka Lenana hadi geti ni mita 2,585 za kuteremka. Magoti ya binadamu hayapendi kazi hiyo kwa siku moja.

Mpango ninaoupendekeza ni kulala Met Station. Pale pana vibanda vya kukodisha na mahali pa hema. Hewa imeshakuwa nzito kiasi kwamba usingizi unakuja wenyewe, na kesho yake unashuka msituni asubuhi ukiwa na nguvu. Hosteli itakupokea saa saba mchana badala ya saa mbili usiku, na tofauti hiyo utaijua ukifika.

Niondoke kambini saa ngapi?

Mapema. Saa kumi na mbili na nusu au saa moja asubuhi, usichelewe zaidi.

Siku nyingi mlima huu huamka mweupe kabisa, vilele vyote vinaonekana. Jua likishapasha joto miteremko ya chini, hewa yenye unyevu wa msitu hupanda mabondeni, hupoa na kugeuka wingu. Kufikia saa tano au sita mchana ukungu umeshafika nyikani, na mara nyingi mvua ya kawaida au ya mawe hufuata alasiri. Ukiondoka mapema unavuka kinamasi ukiwa unaona mbele. Ukichelewa unaingia kinamasini wakati uleule wingu linapoingia.

Sababu nyingine ni giza. Hapa tuko karibu kabisa na ikweta, na jua likizama halikawii. Saa kumi na mbili na nusu jioni bado unaona kidogo, saa moja kasoro ni usiku. Ndani ya mianzi giza linatangulia zaidi.

Kinamasi kina ubaya gani?

Wapandaji wanakiita Vertical Bog. Ni mteremko mzima uliolowa maji, kuanzia ukingo wa Bonde la Teleki hadi karibu na mwisho wa msitu juu ya Met Station. Mtu asiyekijua hushangaa: amezoea kuona matope bondeni, maji yanapotuama, ilhali haya yako kwenye mlima unaoinama.

Maelezo yako ardhini. Udongo wa nyika ni mweusi, laini, umejaa mizizi na majani yaliyooza polepole kwa sababu ya baridi, na unashika maji kwa muda mrefu. Mvua ikinyesha juu, maji hayateremki kwa kasi. Yanapenya, yanatembea chini ya nyasi, yanatokeza pale mguu wako unapokanyaga. Nyasi zenyewe zimeota kwa mashungi makubwa, na kati ya shungi na shungi kuna mfereji. Baadhi ya mifereji inafika kwenye kifundo cha mguu, mingine inafika gotini, na kwa macho huwezi kuitofautisha.

Wakati wa kupanda, kinamasi kinachosha tu. Wakati wa kushuka kinaangusha, kwa sababu uzito wote wa mwili na begi unakwenda mbele na mguu wa mbele ndio unaoteleza. Fanya hivi:

Tumia fimbo mbili. Choma fimbo kwanza, sikia kina, ndipo uweke mguu. Fimbo ya mti kutoka chini inatosha kabisa, si lazima ununue ya chuma.

Piga hatua fupi, magoti yakiwa yamelegea kidogo. Hatua ndefu ndiyo inayozaa kuteleza.

Usikanyage kichwa cha shungi la nyasi ukitegemea litakubeba, maana linayumba na kupinda kifundo. Kanyaga pembeni ya shina lake, penye mizizi.

Na hili naliomba kwa moyo wote: pita katikati ya njia, hata kama katikati ndiko kwenye matope. Kila anayezunguka tope anaua nyasi za pembeni, kesho pale nako panakuwa tope, na anayefuata anazunguka mbali zaidi. Kuna mahali njia imetanuka kama barabara kwa sababu hiyo tu. Mimea ya huku inakua polepole sana kwa baridi, na kidonda cha nyika hakiponi kwa msimu mmoja. Viatu vyako vitasafishwa hosteli jioni.

Nivae viatu gani? Nimeona wapagazi wakivaa gambuti.

Wanajua wanachofanya. Kwa kinamasi pekee, gambuti ni jibu zuri: maji hayaingii na kusafisha ni rahisi. Ubaya wake ni kwamba hazishiki kifundo, na kwenye kilomita za barabara baada ya Met Station zinachubua visigino. Mpagazi amezizoea kwa miaka, wewe hujazizoea.

Viatu vya mlimani vyenye shingo, vilivyokwisha kuvaliwa mara nyingi, vinafaa njia yote. Juu yake funga vitambaa vya kukinga miguu hadi chini ya goti, vinakodishwa Naro Moru na Nanyuki. Usije na viatu vipya vya dukani. Kata kucha za vidole vya miguu siku moja kabla ya safari, na kabla ya kuanza kushuka kaza kamba za viatu sehemu ya juu, kwenye kifundo, ili mguu usisukumwe mbele. Kucha nyeusi baada ya Mlima Kenya karibu zote zimetokana na kushuka.

Beba jozi mbili za soksi kavu: moja ya kubadilisha Met Station, nyingine usiiguse mpaka hosteli.

Magoti yanauma nikishuka. Nifanye nini?

Wakati wa kushuka misuli ya mapaja hufanya kazi ya breki: inajikaza huku ikivutwa. Kazi hiyo ndiyo inayoleta maumivu makali yanayofika kilele siku ya pili au ya tatu, hata kwa mtu mwenye afya. Mazoezi ya kupanda ngazi hayatoshi. Shuka ngazi pia, ukiwa na mzigo, wiki kadhaa kabla.

Siku yenyewe, punguza mzigo, tumia fimbo, pumzika kila saa, na usikimbie mteremko hata ukiwa na raha. Ikiwa goti linavimba au haliwezi kubeba uzito, mwambie mwongozaji wako mapema, mkiwa bado mbali na giza. Kukaa kimya kwa aibu ndiko kunakogeuza maumivu madogo kuwa usiku msituni.

Kuna cha kuona nyikani, au ni matope tu?

Ningekuomba usishuke ukiangalia viatu tu. Nyika hii ni moja ya sehemu za ajabu kabisa katika Afrika Mashariki, na asubuhi ya kushuka, kilele kikiwa kimekwisha na haraka zimepungua, ndiyo nafasi yako ya kuitazama.

Ondoka kambini jua likiwa changa, halafu inama penye lobelia fupi zilizokaa chini kama kabichi kubwa zilizofunguka. Katikati ya majani kuna maji. Asubuhi juu ya maji hayo kuna kipande chembamba cha barafu, kioo cha ukubwa wa kiganja. Kiguse kwa ncha ya kidole: chini yake maji hayajaganda. Mmea umeyahifadhi ili moyo wake, mahali majani mapya yanapotokea, usiuawe na baridi ya usiku. Usivunje kile kioo.

Lobelia nyingine ni ya Teleki, imesimama kama mnara wenye manyoya ya kijivu. Maua yake yamejificha ndani ya manyoya, yamekingwa dhidi ya baridi. Ukisimama kimya utaona ndege aina ya chozi, kijani kinachong'aa, mwenye mkia mrefu, akitumbukiza mdomo humo.

Kisha kuna senesio, miti mirefu yenye shina nene lililovaa koti la majani yaliyokufa. Majani hayo hayaanguki. Yanabaki yamezunguka shina na kulikinga lisigande. Usiku majani ya juu hujikunja pamoja na kufunika kichwa cha mmea, asubuhi hufunguka tena. Hapa kila usiku ni kipupwe na kila mchana ni kiangazi, na mimea imejifunza kuishi hivyo. Mtu anayechana yale majani makavu ili akalie au awashe moto anauvua mti nguo yake.

Kambini utakutana na pimbi, wanene, hawaogopi watu. Usiwape chakula hata wakikutazama vipi.

Kichwa kinaniuma tangu jana. Nishuke hivyohivyo?

Ndiyo, shuka. Kushuka ndiyo dawa ya ugonjwa wa mwinuko, na mara nyingi mita mia chache hadi elfu moja zinatosha mtu kujisikia vingine. Lakini usishuke peke yako, wala usiachwe nyuma.

Dalili hizi hazisubiri asubuhi: kuyumba kama mlevi, kuchanganyikiwa, kuishiwa pumzi ukiwa umekaa, kikohozi chenye mate ya povu. Hizo ni ishara kwamba maji yanajaa mapafuni au ubongo unavimba. Ni kushuka saa ileile, hata usiku, na mwongozaji awasiliane na askari wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lenye kikosi cha uokoaji cha mlima huu.

Je, nyati na tembo wapo kweli?

Wapo, na si mbali. Barabara kati ya Met Station na geti inapita ndani ya makazi yao. Utaona kinyesi cha tembo njiani, kikubwa, kikiwa na vipande vya mianzi, na mara nyingine mianzi yenyewe imelazwa pande zote mbili.

Mchana, kwa kikundi kinachozungumza kwa sauti ya kawaida, wanyama hawa husikia na kujitenga. Hatari iko alfajiri na jioni, na kwa mtu anayetembea peke yake kimyakimya akiwa na muziki masikioni. Kwenye kona ambako huoni mbele, piga makofi au zungumza. Ukimwona nyati, simama, rudi nyuma taratibu, mwachie nafasi. Usijaribu kumpita kwa sababu hosteli imekaribia.

Mbega weusi wenye mikia myeupe nao wapo juu ya miti. Siafu wapo chini. Usisimame kufunga kamba ya kiatu kabla hujaangalia ardhi.

Lazima niwe na mwongozaji hata kwa kushuka tu?

Ndiyo. KWS hairuhusu mtu kutembea peke yake mlimani, kwa sababu waliopotea nyikani kwenye ukungu walikuwa na miguu mizuri tu na bado hawakuona njia. Chukua mwongozaji mwenye kitambulisho, kutoka chama cha waongozaji au kampuni iliyosajiliwa. Waongozaji wa Naro Moru wamekulia pale, wanajua ni wapi tope limehama msimu huu.

Tozo za hifadhi hulipwa kwa njia ya eCitizen, mfumo wa serikali wa malipo mtandaoni, getini hawapokei fedha taslimu. Viwango hubadilika na hutofautiana kwa raia, wakazi na wageni, kwa hiyo viangalie kwenye tovuti ya KWS wiki hiyohiyo unayosafiri. Kumbuka kulipia siku zote, pamoja na usiku wa Met Station.

Nikifika getini, nitembee hadi mjini au nichukue gari?

Ukilala Met Station, inawezekana kutembea, na kuna watu wanaopenda hivyo. Barabara inateremka taratibu, msitu unaisha, kisha viazi, kabichi, mahindi na ng'ombe wa maziwa. Watoto watakusalimia kwa Kiingereza. Wajibu kwa Kiswahili, watafurahi zaidi. Ukimkuta mzee au mama shambani, toa salamu kwanza kabla ya kuuliza njia. Vijijini hapa, kuanza na swali bila salamu ni utovu wa adabu. Nyuma yako, wingu likikubali, mlima wote umesimama.

Ikiwa umetoka Mackinder's Camp siku hiyohiyo, chukua gari au bodaboda. Usitegemee kuikuta inakusubiri. Mwambie mwongozaji apige simu mkiwa bado mahali penye mtandao, na bei ikubaliwe kabla. Msimu wa mvua barabara huwa utelezi, na bodaboda yenye abiria na begi kubwa mgongoni si usafiri wa kuutania: mzigo ufungwe nyuma, dai kofia ngumu.

Jambo la maana sana: baadhi ya nyumba za wageni hazipo mjini, ziko kwenye barabara hii kati ya geti na mji. Uliza kabla ya kuweka nafasi. Hosteli ya nusu njia inakupunguzia kilomita nyingi za mguu. Ya mjini inakuweka karibu na matatu na chakula.

Hosteli zenyewe zikoje?

Za kawaida na za ukarimu. Bweni la vitanda vya ghorofa, vyumba vichache vya watu wawili, uwanja wa mahema, jiko la pamoja, sebule yenye meko. Naro Moru iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo usiku ni baridi, hata kama kwako utaona joto baada ya Mackinder's Camp. Kwa kanuni ya kawaida kwamba hewa hupoa nyuzi 6 hadi 7 za Selsiasi kila mita 1,000 za kupanda, mji uko na joto la nyuzi kama 14 zaidi ya kambi uliyoiacha.

Piga simu kabla, useme saa unayotarajia kufika, na umpe mwenyeji jina la mwongozaji wako. Ikifika saa mbili usiku hamjaonekana, kuna mtu chini anayejua kwamba mnatakiwa kuwepo. Hiyo peke yake ni sababu ya kutosha ya kuweka nafasi mapema, hata msimu ambao vitanda ni vingi.

Uliza kuhusu maji ya moto. Mahali pengi huchemshwa kwa kuni kwenye tangi, yanahitaji muda. Ukiagiza kwa simu ukiwa getini, utayakuta tayari. Beba kufuli yako ndogo kwa sanduku la bweni, na chaji simu mara unapofika, maana stima ikipotea jioni huenda isirudi hadi asubuhi.

Nitafika nimejaa matope. Inaruhusiwa?

Kila mtu anafika hivyo. Viatu huvuliwa nje. Omba karai, maji na brashi, viondoe tope kabla halijakauka. Toa soli za ndani, jaza magazeti ndani ya kiatu, viweke mbali kidogo na moto. Ngozi na gundi huharibika kwa joto kali. Hema lililolowa tandaza uani, usilifungie ndani ya begi mpaka Nairobi.

Nguo kavu za jioni zibebwe tangu mwanzo ndani ya mfuko wa mpira unaofungwa kabisa. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, kwa hiyo ile hila ya zamani ya kufungia nguo humo haipo tena. Na tangu Juni 5, 2020 plastiki za kutumika mara moja hazikubaliwi ndani ya hifadhi, zikiwemo chupa za maji za dukani. Beba chupa ya kudumu. Maji ya mtoni yachemshe au yatie dawa, kwa sababu juu yako kuna kambi.

Nitakula nini?

Mjini kuna vibanda na mikahawa: githeri, mukimo, chapati na maharagwe, ugali na sukuma wiki, nyama choma. Chai ya maziwa, ya moto, sukari usiihesabu. Hosteli nyingi hupika ukiagiza mapema. Mwili uliotoka mlimani hudai chumvi na maji kwanza, njaa kamili huja kesho yake. Kula hata kama huna hamu.

Wapagazi niwape nini mwishoni?

Ujira umeshalipwa kupitia mpango wenu. Bahashishi ni juu yake. Ujira na uzito wa mzigo vikubaliwe kabla ya kupanda, kwa uwazi, mbele ya wahusika wenyewe. Bahashishi mpe kila mtu mkononi mwake au kwenye simu yake, siku ileile mnapofika chini. Usimkabidhi mtu mmoja awagawie wengine.

Tena tazama jinsi wanavyoshuka. Mpagazi akikosa koti la mvua au anatetemeka Met Station, hilo ni jukumu la kikundi chote, lako pia. Watu hawa wamebeba chakula chako kuvuka kinamasi mara mbili. Wakaribishe chai hosteli kabla hawajaelekea kwao.

Moto nyikani?

Hapana, hata mdogo, hata usiku wa baridi. Mwaka 2012 na tena mwaka 2019 moto mkubwa uliunguza maeneo mapana ya nyika ya Mlima Kenya. Nyasi zile zikikauka, Januari hadi Machi, cheche moja inatosha, na mito inayolisha Ewaso Ng'iro na Tana inaanzia huku. Pika kwa jiko la gesi. Kipisi cha sigara shuka nacho.

Msimu gani ni mzuri?

Januari na Februari, kisha Julai hadi Septemba. Machi katikati hadi Mei ni masika, na Oktoba hadi Desemba ni vuli. Masika kinamasi kinakuwa kitu kingine kabisa. Ukilazimika kusafiri wakati huo, ongeza siku moja kwenye mpango wako.

Kwa nini nisishukie njia nyingine, Sirimon au Chogoria?

Shukia ukipenda. Sirimon ni upande mkavu zaidi, nyika yake ni wazi na ya taratibu, unapita kambi ya Old Moses kwenye mita 3,300, geti liko mita 2,650, na mwishoni kuna Nanyuki yenye vitanda vingi zaidi. Mwenye magoti mabaya aende huko. Chogoria, upande wa Tharaka-Nithi, ina mandhari nzuri kuliko zote, na mabonde ya kutisha kwa uzuri, lakini barabara ya msituni hadi mjini ni ndefu mno na karibu kila mtu huhitaji gari. Naro Moru ndiyo fupi, na ufupi wake unalipiwa kinamasini.

Je, Kilimanjaro ni vivyo hivyo?

Kwa sehemu. Njia ya Marangu ina kambi ya Horombo, mita 3,720, katikati ya nyika, halafu Mandara, mita 2,720, ukingoni mwa msitu, kisha geti na mji wa Marangu. Njia ni kavu na imetengenezwa vizuri kuliko Naro Moru. Waliopanda njia nyingine nyingi hushukia Mweka, ambayo ni ya kushuka tu, yenye ngazi nyingi za udongo na mizizi, na magoti yanaijua. Kule pia mwongozaji ni lazima kisheria. Ushauri wa fimbo, kucha na soksi kavu unafaa milima yote miwili.

Nitarudije Nairobi kutoka Naro Moru?

Mji uko kwenye barabara kuu ya Nyeri na Nanyuki. Matatu za Nanyuki kwenda Nairobi hupita hapa kutwa, kupitia Kiganjo na Karatina. Asubuhi nyingi huwa zimejaa kutoka Nanyuki, kwa hiyo mwombe mwenyeji wako akuwekee nafasi kwa simu usiku, au panda ya kwenda Nanyuki kwanza, mwendo wa nusu saa hivi, uanzie pale penye stendi. Kiti cha mbele ukikipata, kichukue: utaweza kunyoosha miguu.